Mama alisema yeye sio mgomba

Nianze na ndizi maana kwetu kila kitu kinaanza na ndizi. Sisi ni watu wa Tukuyu, Rungwe, kule mvua inanyesha mpaka unasahau jua lilivyo, na ukifungua mlango wa nyuma tu unakutana na mgomba. Mama yangu alikula ndizi siku zote za maisha yake, za maharage, za maziwa, za kuchoma, yani hata chai ya asubuhi kama hakuna kipande cha ndizi pembeni anakwambia leo sijala. Sasa Oktoba 2021 tumekaa hospitali Mbeya mjini mbele ya dada mmoja wa lishe, dada mpole tu, kafungua karatasi yake anaanza kusoma vitu ambavyo mgonjwa wa figo asile. Ya kwanza ndizi. Ikaja parachichi, vikaja viazi, maharage, machungwa. Mama akasikiliza mpaka mwisho, amefunga mikono kwenye kanga, alafu akamuuliza, "Sasa mwanangu, kwetu Rungwe umeniachia nini?"

Dada akacheka, mimi nikacheka, mama hakucheka.

Kwa wasiojua, figo zikishindwa kazi yale madini ya potasiamu yanabaki kwenye damu, na yakizidi sana moyo unaweza kusimama ghafla bila hodi. Ndo maana wanakataza hivyo vyakula. Tulifundishwa ujanja, kama lazima ndizi iliwe basi unamenya, unakatakata vidogo, unaloweka, unachemsha, unamwaga yale maji ya kwanza yote, unaweka maji mapya unachemsha tena. Na hapo unakula kidogo sana. Mama alikuwa anaziita ndizi za marehemu, anasema hizi zilishakufa mara ya kwanza kwenye sufuria.

Kilichoua figo zake ni presha. Alianza kupewa dawa mwaka 2014 ila alikuwa anakunywa kichwa kikimuuma tu, kikipoa anaziweka kabatini chini ya vitambaa. Tulipokuja kufungua lile kabati tulikuta dawa za miaka, nyingine zishaisha muda. Na mimi nilijua hanywi vizuri, nilikuwa namwambia kwenye simu "mama kunywa dawa" anasema "nakunywa" na mimi naridhika naendelea na mambo yangu. Hilo nalisema hapa kwa sababu mtu akisoma na mama yake ana presha, basi asiridhike na "nakunywa".

Ikabidi ahamie kwangu Uyole maana Tukuyu mpaka Mbeya mjini ni kama kilometa 70 na dialisisi, yani kusafishwa damu kwa mashine, ni mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, huwezi kumpandisha mgonjwa costa kila siku na ile milima. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Wiki za mwanzo tulilipa keshi kabla kaka yangu ambaye ni mwalimu hajakamilisha kumwingiza mama kwenye bima yake, hapo ndo ng'ombe wawili wa maziwa waliondoka na kipande cha shamba la chai. Nikisema ukweli hela haikuniuma kama maji. Aliruhusiwa maji kama nusu lita kwa siku, humo humo na chai na uji, kwa sababu alikuwa hapati mkojo tena na kila anachokunywa kinabaki mwilini mpaka mashine ikakitoe. Nilikuwa nampimia kwenye chupa ndogo ya maji ya dukani, nimeichora mistari na kalamu ya wino, asubuhi hapa, mchana hapa, jioni hapa. Mtoto anampimia mama yake maji.

Siku moja nimetoka dukani saa za mchana nikamkuta jikoni ameinama, ananyonya kitambaa cha kuoshea vyombo. Kilikuwa kimelowa. Aliponiona akakificha nyuma kama mtoto mdogo, na mimi badala ya kumwonea huruma nikaanza kufoka, mama unataka kufa? Mama unataka kutuua sisi? Akakaa kwenye kigoda akalia bila sauti. Baadae sana, mimi nishajutia nishamwomba msamaha, akaniambia, "Hata Yesu pale msalabani alisema naona kiu." Basi. Hakuongeza neno. Mimi nimekulia kanisani, Moravian wa kuzaliwa, Ijumaa Kuu nimesikia hilo neno labda mara thelathini na kitu, na sikuwahi kufikiria kwamba ile ilikuwa kiu kweli, kiu ya mdomo, ulimi umeganda juu. Nilidhani ni neno la kiroho tu.

Sasa nije kwenye lile ambalo linaniumiza mpaka leo.

Mimi ni wakala wa miamala ya simu, nina kibanda changu pale njia panda, natoa hela natuma hela kutwa nzima. Mwanzoni mwa 2022 alikuja mteja akaniambia kuna nabii, anaombea figo watu wanaacha mashine. Hata jina lake silitaji. Nilikuwa nimechoka, jamani nilikuwa nimechoka vibaya, kuamka saa kumi alfajiri mara tatu kwa wiki na baridi ya Uyole mnaijua, mtoto shule, kibanda kinafungwa wateja wanahama. Nikampigia. Akaomba kwa simu kwa sauti kubwa, akasema ameona mashine zinaondoka, akasema nitume laki tatu sadaka ya kufunga mlango wa mauti na mafuta yatakuja kwa basi. Nikatuma. Mimi wakala, ambae kila siku nawaambia wateja wangu angalieni jina kabla hamjabonyeza namba ya siri, niliangalia jina nikaona ni laini ya mtu binafsi wala sio huduma wala kanisa, nikabonyeza.

Mafuta yakaja kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Na maelekezo yakaja kwa meseji, kwamba mama akirudi kwenye mashine atakuwa anamwambia Mungu sijakuamini.

Mama alikataa. Akasema mwanangu, Mungu ndo kaniletea hiyo mashine, nani mwingine kaileta? Lakini nilimng'ang'ania, nikamwambia mama imani yako ndogo, hayo maneno yalitoka kwenye mdomo wangu huu, nikamwambia tujaribu wiki moja tu. Akaniangalia muda mrefu akasema sawa. Nimekuja kuelewa baadae kwamba alisema sawa kwa sababu aliona mimi ndo nilikuwa nazama.

Tukaruka Jumatano. Tukaruka Ijumaa. Jumapili miguu imevimba ukibonyeza na kidole shimo linabaki, mimi nasema ni shetani anapigana. Jumatatu tukaruka. Usiku huo saa nane nikasikia sauti kama mtu anakoroma ndani ya maji, nikakimbia chumbani kwake, amekaa kitandani ameshika nondo za dirisha kwa mikono miwili, mdomo wazi, hewa haiingii. Maji yalikuwa yamejaa kwenye mapafu. Jirani yangu mmoja ana Noah, Mungu ambariki, alitoka na bukta tu kwenye ile baridi. Nampigia yule nabii njiani simu inaita haipokelewi, naipiga tena, inaita.

Hospitali walimwingiza kwenye mashine ya dharura usiku uleule. Nesi mmoja mtu mzima akanivuta koridoni, akaniuliza mmeruka ngapi, nikasema tatu, akaniuliza kwa nini, nikanyamaza. Akasema, "Ni nabii eh?" Kumbe sikuwa wa kwanza. Hakunigombeza. Alinipa kikombe cha chai kutoka chupa yake mwenyewe akaniambia kaa hapo.

Asubuhi mama amezinduka, ana oksijeni puani, mimi nimepiga magoti pembeni ya kitanda nalia naomba msamaha kelele mpaka wagonjwa wengine wanageuka. Akanishika kichwa. Akanyanyua kile kimpira cha pua kidogo akasema, "Lazaro alifufuliwa, si ndio?" Nikasema ndio mama. "Alafu?" Nikasema alafu nini mama. Akasema, "Alafu si alikuja kufa tena. Hiyo mbona hamuihubiri."

Nilifikiri ni oksijeni inamchanganya. Lakini alikuwa na akili zake zote, na lile neno limenichukua karibu miaka miwili kulitafuna. Maana mimi tumaini langu lote lilikuwa mama apone. Nikiomba ni hilo, nikifunga ni hilo, nikitoa sadaka ni hilo, na ikawa kila vipimo vikija kreatinini, ile taka ya kwenye damu ambayo figo zingeitoa, iko juu imani yangu inashuka, ikishuka imani inapanda, nikawa mkristo wa kwenda na karatasi ya maabara. Mama alikuwa anataka kupona pia, jamani msidhani mama alikuwa malaika, alitaka sana kupona, alitaka arudi kwake akapalilie. Kaka alijitolea figo moja, na Muhimbili walishaanza kupandikiza tangu 2017, tukapata moyo kweli, ila walipompima mama moyo wake ukaonekana umeshachoka hautahimili upasuaji. Alilia siku hiyo. Lakini kuna kitu chini ya hapo hakikutingishika, na mimi nilikuwa sina hicho kitu, nilikuwa na kile cha juu tu.

Nilianza kukiona taratibu, kwenye ile wodi. Pale watu wanajuana kwa vitanda. Kitanda cha pembeni yake alikuwa mzee mmoja Mwislamu wa Chunya, aliwahi kuchimba dhahabu ujanani, ana tasbihi yake mkononi wakati damu inazunguka kwenye mipira. Yeye na mama walikuwa wanataniana kuhusu nani ametoka na kilo nyingi, maana unapimwa uzito kabla na baada, na aliyekunywa maji ya wizi anaumbuka mbele za watu. Kilo nne mzee, umekunywa mto Songwe? Upande wa pili alikuwa kijana wa bodaboda, miaka 26, naye presha, hakujua kama anayo mpaka alipoanguka. Huyo alikuwa haongei. Mama akawa anamwambia habari za ufufuo kama mtu anavyokwambia habari za shamba lake, bila kupaza sauti, bila kumlazimisha, leo kidogo, keshokutwa kidogo. Yule kijana siku moja akamuuliza, "Bibi, huogopi?" Mama akamwambia naogopa, naogopa sana kukosa pumzi kama ile siku, lakini siogopi baada ya hapo. Nilikuwa nimekaa kwenye stuli najifanya nachezea simu.

Kijana alitangulia yeye. Jumatano moja tumefika kitanda chake kina mtu mwingine. Pale hamna anayeuliza, mnaelewa tu. Mzee wa Chunya aligeukia ukutani na mama aliomba kwa sauti, wala sio kwamba Mungu atuponye, aliomba "tukutanishe", na yule mzee akaitikia amina.

Mkono wake wa kushoto walimtengenezea njia ya kuchomea sindano, waliunganisha mshipa na mshipa, ukiweka sikio unasikia unavuma vuuum, vuuum, kama mashine ya kusaga iko mbali. Binti yangu alikuwa na miaka sita, huo ndo ulikuwa mchezo wake na bibi, kila jioni anakuja kusikiliza mkono. Anasema bibi redio yako inaongea. Na mama anamuuliza leo imesemaje? Anajibu imesema bibi asinywe maji. Mama anasema izime basi hiyo stesheni.

Asubuhi kabla hatujatoka nilikuwa namsomea neno la siku, macho yake yalishafifia. Sisi Wamoravian tuna huo utaratibu wa zamani, kitabu cha mistari ya kila siku, kilianza kuchapwa Herrnhut kule Ujerumani mwaka 1731 na mpaka leo kinatoka. Mwanzoni nilikuwa nasoma kama mtu anasoma taarifa ya habari ili tuwahi gari. Baadae nikaanza kusoma polepole. Sijui siku gani hasa nilibadilika, watu wanapenda kutoa ushuhuda wenye tarehe, mimi sina tarehe. Nilijikuta tu siku moja niko kwenye kibanda, nimetoka kusikia kwamba mama mishipa imeanza kuziba, na sikuwa na hofu ile ya kukaba koo. Nilikuwa na huzuni. Huzuni na hofu nilikuwa nadhani ni kitu kimoja, kumbe vinaweza kuachana. Paulo anawaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na matumaini, hajawaambia wasihuzunike. Hako ka neno "kama" nilikuwa nimekaruka maisha yangu yote.

Mchungaji wetu alikuja kumwona akiwa amebaki na miezi michache, mchungaji kijana, mzuri, anapenda mifano. Akamwambia mama, unajua wewe ni kama mgomba, mgomba ukishazaa mkungu unakufa lakini umeacha machipukizi, wewe una watoto na wajukuu hutapotea. Mimi nikaona ni maneno mazuri. Mama, ambae alikuwa amelala amefumba macho, akafumbua.

"Baba mchungaji, mgomba ukifa umekufa. Chipukizi ni mgomba mwingine. Hawa ni wao." Akatuonyesha kwa kidole. "Mimi sio mgomba. Mimi nitaitwa kwa jina langu, nitatoka mimi."

Mchungaji akawa mwekundu kabisa kama ngozi nyeusi inaweza kuwa nyekundu. Akasema amina mama. Wakati anaondoka mlangoni akaniambia nimekuja kuhubiri nimehubiriwa, na nilimpenda kwa kukiri vile.

Mama alifariki Oktoba 2023, miaka miwili kamili tangu ile karatasi ya ndizi. Hakufa kwa kukosa pumzi. Moyo ulisimama usingizini, Jumapili alfajiri, na mimi kitu cha kwanza nilichofanya nilimshukuru Mungu kwa hilo na cha pili nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto, na kwakweli nililia miezi. Naandika haya ili mtu asije akadhani tumaini linakausha machozi. Nilikuwa nikipita kwenye friji naona ile chupa yenye mistari ya kalamu, nalia. Nimeshindwa kuitupa. Ipo.

Tulimzika Tukuyu, makaburi ya usharika, pembeni ya baba ambae alikuwa mzee wa kanisa na alitangulia mwaka 2003. Mama alikuwa ameshasema kaburi lisiwe na vigae vya kung'aa, weka saruji tu na jina, hela iliyobaki mkalipe ada.

Sasa kwetu Pasaka haianzii kanisani, inaanzia makaburini. Hiyo ni desturi ya Wamoravian wa zamani, mwaka 1732 vijana wa Herrnhut walipanda alfajiri kwenye kilima cha makaburi yao wakaimba jua linachomoza, na wamisionari walipokuja Rungwe mwaka 1891 wakaja na imani hiyohiyo. Nimeenda tangu mtoto. Nikiwa mdogo nilikuwa naenda kwa ajili ya tarumbeta tu, nikiwa binti nilikuwa naenda kwa sababu ukibaki kitandani mama anakumwagia maji. Pasaka ya 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi. Mvua ilinyesha usiku kucha, tukatoka saa kumi na moja na tochi za simu, udongo ule mwekundu unashika viatu mpaka unatembea umerefuka. Watu wamejifunika kanga na makoti, hamna anayeongea. Tarumbeta zikapiga gizani, na mchungaji, yuleyule kijana, akasema Bwana amefufuka, na kishindo kikatoka kwenye ule umati ambao huuoni sura, kweli amefufuka.

Kwenye ibada ile kuna mahali tunamwomba Mungu atutunze kwenye ushirika wa milele pamoja na ndugu walioingia kwenye furaha ya Bwana wao tangu Pasaka iliyopita. Nimesikia hayo maneno miaka yote na yalikuwa yanawahusu watu wengine. Tangu Pasaka iliyopita. Pasaka iliyopita mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, palepale chini ya ule mti, na blanketi magotini, anaimba sauti ya pili.

Kukaanza kupambazuka, tukasogea kwenye kaburi lake, kaka, wifi, mimi na binti yangu. Saruji ilikuwa imelowa. Binti yangu akachuchumaa, akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, "Mama, bibi akitoka, ule mkono utakuwa bado unavuma?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia siku hiyo tutauskiliza.

Tukarudi nyumbani, matope mpaka magotini, wifi akawasha moto na mimi nikamenya ndizi za chai. Nikakatakata vidogo vidogo, nikabandika, zikachemka kidogo nikaipua nikaanza kumwaga maji. Wifi akanishika mkono. "Wifi, unamwaga ya nini?" Yalikuwa yameshamwagika nusu.